Maswali yenu: mbona rangi za airisi hazifuati wazazi?

Tangu tuandike kuhusu kukrosi airisi wenyewe, yaani kupaka chavua ya mmea mmoja kwenye ua la mwingine ili kupata mbegu, barua zimejaa na karibu zote zinauliza rangi. Nimechagua zile ambazo jibu lake litasaidia wengi, nyingine nimezifupisha kidogo. Kwa wageni wa safu hii: tunaongelea airisi zenye ndevu, zile za petali sita, tatu zimesimama juu na tatu zinaning'inia chini, na juu ya hizo za chini kuna mstari wa vinywele ndo tunaita ndevu.

Habari za kazi. Nilipanda airisi nyeupe, za pinki na za njano kwenye tuta moja pamoja na ile ya zambarau ya zamani niliyorithi kwa mama mkwe. Sa hivi tuta zima ni zambarau tupu. Watu wananiambia airisi zikikaa sana zinarudi kwenye rangi yake ya asili. Ni kweli?

Hapana dada yangu, hazirudi popote. Airisi inaongezeka kwa rizomu, lile shina nene linalolala juujuu ya udongo, na kila kichipukizi kinachotoka pembeni yake kina jeni zile zile za mama, kwa hiyo nyeupe itazaa nyeupe mpaka mwisho. Kilichotokea kwako ni kwamba zile za zambarau za zamani ni ngumu kufa na zinatambaa haraka, halafu hizi za kisasa zikibanwa zinakosa jua, zinaoza, zinaisha kimya kimya. Kingine ambacho watu hawakiangalii ni mbegu. Nyuki akikusaidia kuchavusha na wewe ukaacha maganda yakauke mpaka yapasuke, mbegu zinadondoka katikati ya mashina ya zamani, na miche inayoota pale siyo tena nyeupe yako, ni mtoto wake, na mtoto anaweza kuwa na rangi yoyote iliyojificha kwenye ukoo. Kata maganda kabla hayajakomaa kama huyahitaji, na ukigawa tuta toa kila rangi peke yake, weka kibao cha jina.

Ila ukiona ua ambalo rangi yake imevunjika michirizi isiyo na mpangilio na majani nayo yana mistari ya njano, hapo fikiria virusi, wanaletwa na vidukari, na huo mmea ng'oa.

Naomba msaada, nimechanganyikiwa. Nimekrosi airisi nyeupe na nyeupe nyingine, zote nyeupe pee, nikategemea watoto weupe. Miche imetoa maua na karibu nusu ni zambarau iliyokolea kabisa! Je, nyuki aliniwahi?

Nyuki anaweza kuwahi kweli, lakini kwa maelezo yako mi siamini kama ni nyuki. Matokeo yako yananyooka vizuri tu, na ni moja ya mambo ninayoyapenda mno kwenye airisi, acha nieleze taratibu.

Airisi ina rangi za aina mbili na hizo mbili hazijuani kabisa. Ya kwanza ni anthosiani, hii ndo inaleta zambarau, bluu na ule weusi weusi, na inakaa imeyeyuka kwenye maji ya ndani ya seli. Ya pili ni karotenoidi, inaleta njano, chungwa na pinki, na hiyo haiyeyuki kwenye maji, imekaa kwenye vijifuko vidogo vinaitwa plastidi. Unapoona airisi ya kahawia au rangi ya shaba, hakuna rangi ya kahawia pale, ni zambarau imesimama mbele ya njano kama kioo cha rangi mbele ya ukuta, na jicho lako ndo linachanganya.

Ukitaka kuona mwenyewe chukua petali ya airisi ya kahawia, iweke kwenye kikombe cheupe umiminie maji ya moto. Baada ya muda maji yanaanza kuwa ya zambarau, na petali iliyobaki unaikuta ya njano imelegea, zambarau yote imehama. Gawa yale maji vikombe viwili, kimoja dondoshea siki, yanageuka mekundu ya waridi, kingine tia magadi soda, yanaelekea bluu na kijani. Njano yenyewe haikutoka kwenye petali muda wote huo. Ukishaona hilo kwa macho, jenetiki ya rangi za airisi inakuwa rahisi, kwa sababu kila swali unaligawa mara mbili: anthosiani kuna nini, karotenoidi kuna nini.

Sasa nyeupe. Ua ni jeupe kwa sababu halina anthosiani wala karotenoidi ya kuonekana, lakini kukosa anthosiani kuna njia zaidi ya moja. Kuna airisi nyeupe ambayo ina jeni zote za kutengeneza zambarau, nzima kabisa, ila ina jeni nyingine ya kuzuia ambayo inafunga kazi kwenye ua. Hiyo ya kuzuia ni tawala, nakala moja tu inatosha kufanya kazi, na vitabu vinaiandika kwa herufi I. Halafu kuna nyeupe ya pili, hii haina kizuizi chochote, yenyewe jeni ya kutandaza zambarau kwenye petali ni ile fifi, haifanyi kazi, na nakala zote lazima ziwe fifi ndo ua liwe jeupe. Hiyo inaitwa glasiata.

Wewe umekrosi hizo mbili. Nyeupe ya kwanza kampa mtoto jeni nzima ya zambarau, na nusu ya watoto hawakurithi kizuizi, basi zambarau ikatoka bila mtu wa kuizuia. Hiyo nusu uliyoipata inanionyesha kwamba nyeupe yako yenye kizuizi ilikuwa na nakala moja tu ya I.

Kuzitofautisha kwa macho, inamishe ua uangalie kooni, pale petali ya chini inapoanzia karibu na ndevu. Glasiata huwa safi, hakuna hata kamstari ka zambarau, na nyeupe yake ina usafi fulani ambao ukishauzoea hutausahau. Ile ya kizuizi mara nyingi ina bluu ya barafu kwa mbali, hasa ua likiwa ndo linafunguka, au ina vijistari kooni. Na glasiata kwa glasiata watoto wote ni glasiata, huna haja ya kubahatisha.

Hao wa zambarau usiwatupe. Wana jeni fifi ya glasiata ndani yao hata kama sura haionyeshi, na huwa wanarudisha fadhila kizazi kinachofuata.

Shikamoo mwalimu. Nasoma bayolojia na nilitaka kuona sheria ya Mendel kwa macho yangu. Nilikrosi airisi ya zambarau na ya pinki. Watoto karibu nusu walikuwa rangi ya krimu na nusu zambarau, pinki hakuna. Nikachukua zambarau mmoja mzuri nikamchavusha kwa chavua yake mwenyewe, nikapata miche 40 iliyotoa maua. Kwa hesabu ya 3 kwa 1 nilitakiwa kupata pinki kama 10. Nimepata sifuri. Nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu, na hongera sana, miche 40 mpaka itoe maua siyo kazi ndogo. Hujakosea kitu na Mendel, yule aliyegundua kanuni za urithi kwa kukrosi njegere, naye hajakosea, ni kwamba njegere zake zilikuwa na nakala mbili za kila jeni na airisi yako ina nne.

Airisi ndefu za bustani za zamani huko Ulaya zilikuwa diploidi, yaani nakala mbili za kila jeni, kromosomu 24, na zilitokana zaidi na spishi mbili, Iris pallida ya rangi ya bluu ya lavenda na Iris variegata ya njano yenye petali za chini za kahawia nyekundu. Mwishoni mwa karne ya 19 Michael Foster, aliyekuwa profesa wa fiziolojia Cambridge, akawa anapokea airisi zenye maua makubwa kutoka upande wa Uturuki na nchi jirani, akazitumia kwenye krosi, na baadaye ndo ikajulikana kwamba zile zilikuwa na kromosomu 48. Ukubwa wa maua tunayoyaona leo umetoka huko, airisi ndefu za kisasa karibu zote ni tetraploidi, yaani nakala nne, na ukubwa huo umekuja na hesabu yake.

Twende kwenye yako. Pinki inatokana na likopini, karotenoidi ile ile inayofanya nyanya iwe nyekundu, na inaonekana tu mmea ukiwa na jeni fifi t kwenye nakala zote nne, yaani tttt. T kubwa ni ile tawala, na mzazi wako wa zambarau tuseme ni TTTT. Mtoto akawa TTtt. Sasa huyu mtoto anapotengeneza chavua anatoa nakala mbili kati ya nne, na zipe namba uone: T1, T2, t1, t2. Jozi zinazowezekana ni sita tu: T1T2, T1t1, T1t2, T2t1, T2t2, t1t2. Ni moja tu kati ya sita yenye t tupu. Upande wa yai ni hivyo hivyo, moja kwa sita. Ili mche uwe tttt lazima zikutane hizo mbili, sita mara sita ni 36, kwa hiyo ni mmoja kwa 36, siyo mmoja kwa wanne. Uwiano unakuwa 35 kwa 1. Na kwa miche 40, uwezekano wa kutompata hata mmoja ni karibu theluthi, kwa hiyo sifuri yako ni ya kawaida kabisa.

Lakini ngoja, kuna jambo la pili na hili ndo kubwa. Hata huyo mmoja kwa 36 angepatikana, asingekuwa pinki. Angekuwa zambarau! Kwa nini, kwa sababu uliyemchagua ana anthosiani na wanawe wana anthosiani, likopini ingekuwepo chini lakini zambarau imeifunika. Sehemu pekee ambayo ingeonekana ni kwenye ndevu. Mche wenye tttt ndevu zake zinakuwa za chungwa nyekundu, hata kama petali ni zambarau au bluu. Kwa hiyo kabla hujafunga daftari lako, rudi tutani msimu ukifika, pita mche mmoja mmoja uangalie ndevu na usiangalie petali kabisa. Huenda unaye tayari na hujamtambua.

Na wale wa krimu uliowaacha ndo walikuwa na ufunguo. Nusu krimu nusu zambarau inaonyesha mzazi wako wa pinki hana zambarau kwa sababu ana kile kizuizi I nilichoeleza kwenye jibu lililotangulia, nakala moja. Wa krimu walirithi kizuizi, wa zambarau hawakurithi, na wewe ukachukua zambarau kwa uzuri wake. Kama wapo bado, chukua krimu mmoja umrudishe kwa mzazi wa pinki. Yule wa pinki anatoa t tupu kila mara, kwa hiyo tttt inakuwa moja kwa sita badala ya moja kwa 36, na kwa kuwa pande zote mbili zina nakala moja ya kizuizi, robo tatu ya watoto watakipata. Moja kwa sita mara robo tatu ni moja kwa nane. Kwa miche 40 unategemea pinki kama watano. Hiyo ndo krosi ya kuifanya.

Waliotangulia walipita njia ngumu zaidi. Jamaa mmoja wa Illinois, Marekani, David Hall, alishika pinki miaka na miaka, na airisi yake 'Cherie' ilipata medali ya Dykes mwaka 1951, ambayo ndo heshima ya juu kabisa kwa airisi Marekani. Sasa fikiria mtu ambaye pinki yake inategemea tttt na pia glasiata, ambayo nayo inataka nakala nne fifi. Akianza na zambarau asiyebeba chochote na kumchavusha mtoto mwenyewe, ni 36 mara 36, mmoja kwa 1,296. Ndo maana wazalishaji wanapenda kizuizi tawala, kinapunguza safari.

Airisi yangu ni nyeupe katikati, pembeni ina nukta nukta za bluu kama imeshonwa. Niliambiwa ni spishi inaitwa plicata. Nimeikrosi na ya zambarau tupu na watoto wote ni zambarau tupu. Zile nukta zimepotea kabisa?

Hazijapotea, zimejificha. Kweli zamani ilipewa jina kama spishi, sawa na amoena, neglecta na squalens, lakini zote hizo zilikuja kuonekana ni machotara ya bustani. Plikata ni za zamani sana, 'Mme Chereau' ya Mfaransa Lémon ni ya mwaka 1844 na watu wanaipanda mpaka leo, nyeupe yenye ukingo wa bluu.

Jeni inayohusika ni ile ile ya kutandaza anthosiani ambayo nimeitaja kwenye glasiata. Ina ngazi kadhaa. Ya juu kabisa inatandaza rangi petali nzima. Chini yake kuna plikata, inayosukuma rangi pembezoni. Kuna luminata, ambayo inafanya karibu kinyume, rangi inakaa katikati ya petali na kuacha eneo la ndevu na kingo zikiwa hazina rangi. Na chini kabisa glasiata, hakuna kitu. Ya juu inafunika za chini, ndo maana watoto wako wote wametoka zambarau tupu, na kwa hesabu ya nakala nne ukiwachavusha wenyewe kwa wenyewe ngoja ule mmoja kwa 36.

Usifanye hivyo. Mrudishe mtoto kwa plikata mzazi, utapata plikata mmoja kwa kila sita. Au kama unachotaka ni nukta tu basi krosi plikata na plikata, hapo rangi tupu haiwezi kutoka kabisa, utapata plikata za kila sura, mara moja moja luminata au glasiata kama ziko kwenye ukoo. Ndugu wawili wa Nebraska, Hans na Jacob Sass, ndo waliotuletea plikata zenye msingi wa njano badala ya mweupe, na ukikumbuka kile kikombe cha maji ya moto utaelewa mara moja: muundo wa nukta ni wa anthosiani, njano iliyo chini ni habari nyingine, unaweza kubadilisha moja bila kugusa nyingine.

Nimesoma kwamba airisi yenye petali nyeupe juu na za bluu chini, amoena, ni jeni fifi. Mimi yangu nimeikrosi na bluu tupu na nusu ya watoto ni nyeupe juu bluu chini. Nani muongo?

Hakuna muongo kaka, ulichosoma kinahusu amoena za zamani. 'Wabash' ya mwaka 1936, iliyopata medali ya Dykes 1940, ni amoena ya aina hiyo, nyeupe tupu juu na zambarau nzito chini, nzuri kupita maelezo, lakini kuzaa nayo ilikuwa mateso, krosi za amoena kwa amoena zilitoa mbegu chache na nyingi hazikuota.

Aliyebadilisha mambo ni Paul Cook wa Indiana. Alichukua kaspishi kafupi ka milima ya Balkani, Iris reichenbachii, ambako hakuna mtu angekatazama mara mbili, akakakrosi na airisi ndefu. Mwaka 1951 akapata 'Progenitor', ua la kawaida tu kwa sura, lakini petali za juu zilikuwa na rangi hafifu kuliko za chini, na alipoendelea kulikrosi akaona hiyo tabia inapita kwa watoto moja kwa moja. Kumbe ni jeni tawala, kizuizi kinachozima anthosiani kwenye petali za juu tu. Miaka saba baadaye ikatoka 'Whole Cloth', mwaka 1958, nyeupe juu bluu chini, na ikachukua medali ya Dykes 1962. Amoena karibu zote unazoziona sasa zina damu ya hako kaspishi kafupi ka Balkani.

Yako ni ya ukoo huo na ina nakala moja ya kizuizi, nusu kwa nusu haitoki kwingine. Na kwa sababu kizuizi hakigusi karotenoidi, ukiikrosi na za njano utaanza kuona njano juu na zambarau chini. Mi kwa upande wangu naiweka 'Progenitor' juu ya maua yote mazuri yaliyowahi kupata medali, maana mtu alilitazama ua lisilo na sura akaona lilichobeba.

Kwa nini hakuna airisi nyekundu ya kweli? Nyekundu kama waridi jekundu. Kila ninayoagiza ikija ni kahawia.

Pole, picha za katalogi zinawakolezea. Sababu iko kwenye kemia. Anthosiani zina familia tatu kubwa: pelagonidini inayoleta nyekundu ya chungwa, sianidini inayoleta nyekundu na waridi, na delfinidini inayoleta zambarau na bluu. Airisi zenye ndevu zimeegemea delfinidini. Zile mbili nyingine hazipo kwa kiasi cha kulipa ua rangi, na huwezi kuchagua kwenye miche kitu ambacho ukoo mzima haukitengenezi. Waridi lina shida hiyo hiyo kinyume chake, lenyewe ndo limekosa delfinidini, ndo maana mwaka 2004 kampuni ya Suntory ya Japani ilipotangaza waridi la bluu walilazimika kuliingizia jeni kutoka kwenye ua lingine, na hata hivyo likaishia lavenda.

Kwa hiyo "nyekundu" za airisi zinaundwa kwa ujanja: zambarau yenye wekundu mwingi kuliko bluu juu, njano nzito chini, jicho linaona nyekundu ya matofali au ya divai. Ukiongeza tttt, likopini ikakaa chini badala ya njano, unasogea karibu zaidi. Watu wamefika mbali kwa njia hiyo na ukitazama za sasa na za miaka ya 1940 tofauti ni kubwa.

Njia nyingine ni maabara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State waliingiza jeni ya bakteria inayosukuma karotenoidi kwenye airisi iitwayo 'Fire Bride', na majibu yakachapishwa 2014. Bua la ua, ovari na stameni (vile vijiti vinavyobeba chavua) viligeuka pinki na chungwa, lakini petali zenyewe hazikubadilika sana, na hapo ndo unaona ugumu: kuwa na jeni ni jambo moja, jeni kufanya kazi pale pale unapotaka ni jambo lingine.

Na kuna airisi nyekundu ya porini, Iris fulva, rangi ya shaba nyekundu, inaota kwenye maji maji kusini mwa Marekani. Wengi wananiuliza kwa nini tusiikrosi na hizi zenye ndevu. Ukoo wao uko mbali mno, hazishiki. Ila kama moyo wako uko kwenye nyekundu basi panda airisi za Louisiana zenye damu ya fulva, utafurahi kuliko kungoja.

Nikitia majivu au chokaa kwenye udongo naweza kubadilisha rangi ya airisi kama watu wanavyofanya kwa haidrenjia? Na nyeusi je, ni rangi gani?

Udongo hapana, airisi haifanyi kama haidrenjia, utaharibu udongo bure. Hali ya hewa ndo inagusa kidogo: kwenye ubaridi anthosiani hukolea, kwenye joto kali hupauka, na plikata zinaonyesha hilo kuliko zote, msimu mmoja ukingo mpana, mwingine mwembamba. Kwa hiyo usihukumu mche kwa ua la kwanza.

Nyeusi ni anthosiani iliyorundikana mpaka mwanga haurudi. Shika petali ya 'Before the Storm', iliyopata Dykes 1996, uielekeze kwenye jua uangalie kwa nyuma, utaona zambarau.

Nimeshawishika, nataka kukrosi. Nianzie wapi na nichague wazazi gani? Sina eneo kubwa.

Karibu sana. Kukrosi kwenyewe ni rahisi. Kwenye ua kuna mikono mitatu iliyojikunja juu ya petali za chini, na chini ya kila mkono kuna stameni moja. Vunja stameni ya baba siku chavua inapokuwa inapukutika, kwa kibanio. Nenda kwa mama, inua mkono, karibu na ncha yake utaona kamdomo kembamba kamejitokeza kama kiubao, hiyo ndo stigma, paka chavua hapo juu ya mdomo. Fanya asubuhi ua likiwa limefunguka siku hiyo hiyo, na ng'oa petali za chini za mama ili nyuki akose pa kutua. Ikishika, ovari inavimba ua likishanyauka, na ganda linakomaa baada ya wiki 8 hadi 10 hivi.

Kwenye wazazi, kwa eneo dogo epuka krosi zinazotegemea mmoja kwa 36. Chagua moja kati ya hizi: plikata kwa plikata, pinki kwa pinki (zote tttt, ndevu za watoto wote zitakuwa za chungwa), au amoena ya ukoo wa Cook kwa rangi yoyote tupu. Hapo hata miche 20 inakupa kitu. Na kabla hujachagua, soma ukoo wa kila mzazi, rejista za airisi zinaandika mama na baba na rangi zao, mama anaandikwa kwanza. Airisi ya bluu ambayo mzazi mmoja ni pinki kwangu ina thamani kuliko bluu nzuri zaidi ambayo ukoo wake haujulikani.

Achana na kukrosi ndefu na fupi kwanza. Zile fupi za kisasa zina kromosomu 40, zimetokana na ndefu yenye 48 na Iris pumila yenye 32, nusu ya kila mmoja, na ukizichanganya tena na ndefu watoto mara nyingi wanakuwa wagumu kuzaa.

Mbegu zinataka unyevu na baridi kwa wiki kadhaa ndo ziamke, na hazitaamka zote pamoja, hivyo chungu chenye miche michache mwaka wa kwanza usikimwage, nyingine zinaota mwaka wa pili. Ua la kwanza tegemea mwaka wa pili au wa tatu tangu kuota. Kibao cha krosi kiandike kwa penseli, wino unafutika na jua.